Kutoka makopa hadi unga mweupe: shajara ya kusindika muhogo kijijini, pwani ya Mtwara

Kabla ya kuanza

Huku muhogo ndio chakula chenyewe. Vingine vyote ni kitoweo. Asubuhi unachemshwa au kuchomwa, ukanywewa chai ya rangi. Majani yake ni kisamvu. Kuanzia kiangazi kinapokolea mpaka mvua za Desemba, sufuria ya mchana na ya usiku ni ugali wa makopa. Kuyatengeneza hakuna ufundi mkubwa: muhogo unamenywa, unapasuliwa vipande viwili au vinne, unatupwa juu ya paa au juu ya jamvi siku 5 hadi 10, kisha unakwenda kinuni au mashineni.

Tatizo liko katika hizo siku 5 hadi 10. Umande wa usiku unarudisha maji ambayo jua limetoa mchana, ndani ya kipande kunabaki na ubichi, na ukungu mweusi na wa kijani unaanzia hapohapo. Mnunuzi anayataka meupe, anayapata ya kijivu, bei inashuka. Mradi huu unajaribu njia nyingine: muhogo ukwaruzwe, ukamuliwe, uanikwe na kukauka siku hiyohiyo. Kila hatua imepimwa kwa mzani wa kilo 100, na yaliyoharibika yameandikwa pamoja na yaliyofaa.

Juni, wiki ya kwanza: shamba na saa

Tumeanza na mbegu ya muhogo iitwayo Kiroba. Ni mtamu, unakomaa kati ya miezi 9 na 12, na unastahimili michirizi kahawia kuliko mbegu nyingi za zamani. Ugonjwa huu si wa juzi. Uliandikwa na watafiti wa Amani, Tanga, tangu miaka ya 1930. Ubaya wake ni kwamba shina linaweza kuonekana zima, majani ya chini yakiwa na umanjano kidogo tu pembeni mwa mishipa, na mzizi ukiukata unakuta mabaka makavu ya kahawia kama kizibo cha chupa. Baka dogo likatwe. Mzizi ulioliwa nusu utupwe wote, maana mabaka yakishakwaruzwa hayatoki tena: unga unakuwa na chembechembe kama umemwagiwa ugoro.

Mkupuo wa kwanza, kilo 100, uliharibika kwa sababu ya saa tu. Muhogo ulichimbwa asubuhi, kumenya kukaisha saa 5, kukamua kukaisha saa 8 mchana. Hadi jua linazama unga ulikuwa nusu mbichi. Usiku kucha ukachacha, asubuhi una harufu ya pombe na madoa ya manjano na waridi. Ulipewa nguruwe wa kijiji jirani baada ya kukaushwa tena.

Ratiba iliyofuata ndiyo tunayotumia mpaka leo. Muhogo unachimbwa jioni ya kuamkia siku ya kazi, kila mzizi ukiachiwa kikonyo cha vidole viwili. Ukikatwa kikonyo karibu mno, au ukichubuliwa na jembe, hewa inaingia na kufikia kesho yake kuna mistari ya samawati kuelekea kwenye moyo wa mzizi. Unalazwa kivulini, unafunikwa magunia yaliyoloweshwa. Saa 12 asubuhi visu vinaanza. Mwenye mkono mwepesi humenya kilo 20 hadi 25 kwa saa, kwa hiyo kilo 100 zinataka wamenyaji wanne ili kufikia saa 1 na nusu ziwe zimekwisha na kuoshwa mara mbili. Saa 3 na nusu unga wa kwanza uwe juani. Ukichelewa hadi saa 5, heri kuahirisha.

Juni, wiki ya tatu: mashine ya kukwaruza

Pipa la mti lenye kipenyo cha sentimita 20 na urefu wa 30, limevishwa bati lililotobolewa, linazungushwa kwa mkono ndani ya boksi la mbao lenye mdomo juu. Matundu yanatobolewa kwa msumari wa inchi 2 kutoka upande wa ndani wa bati ili meno yatokeze nje, nafasi ya sentimita 1 kati ya tundu na tundu. Bati la kwanza lilikuwa la kuezekea. Siku tatu tu, kutu imeshika kwenye meno na unga umegeuka rangi ya majivu. Maji ya muhogo yana ukali wake, yanakula bati. La pili ni la chuma kisichoshika kutu. Gharama yake ni kubwa na kulitoboa kunachosha, lakini hili ndilo lililobaki.

Mambo mawili yalitusumbua hapa. Kwanza, mhimili ulikuwa unazunguka ndani ya mbao tupu. Ulitanua tundu, pipa likaanza kuyumba, na vipande vizima vya muhogo vikawa vinapita pembeni bila kukwaruzwa. Fundi wa kuchomelea alifunga beringi za baiskeli, mchezo ukaisha. Zisipakwe grisi, zipakwe mafuta ya nazi, kwa kuwa kinachodondoka kinadondokea kwenye chakula. Pili, vidole. Kipande kikibaki kifupi, mtu hushawishika kukisukuma kwa mkono. Tumechonga kisukumio cha mti chenye upana wa mdomo wa boksi, na kimefungwa kamba kwenye mashine kisipotee.

Muhogo uliokwaruzwa vizuri unafanana na machicha ya nazi yaliyo laini. Ukiona nyuzi ndefu, ama meno yamelala ama muhogo umepitiliza umri shambani.

Julai, mwanzo: kukamua

Hii ndiyo hatua iliyobadilisha kila kitu, na ndiyo iliyotuvunjia vitu vingi.

Kikamulio ni fremu ya boriti mbili zilizosimama na mbili zilizolala, zimefungwa kwa bolti. Muhogo uliokwaruzwa unajazwa kwenye mifuko ya salfeti, kilo 15 kila mmoja, mdomo unakunjwa chini. Mifuko mitatu inapangwa, ubao katikati ya mfuko na mfuko, na juu kabisa jeki ya gari ya tani 5 inayosukuma boriti ya juu.

Siku ya kwanza mfuko wa kati ulipasuka na kurusha ujiuji mpaka ukutani. Sababu ni haraka: jeki ilipandishwa mfululizo, maji yakakosa pa kupitia, mshono ukaachia. Sasa inapandishwa mpaka maji yatiririke, inaachwa dakika 10, inapandishwa tena, hivyo hivyo kwa saa moja. Mfuko usijazwe zaidi ya nusu, na utandazwe uwe bapa, usiwe kama mto wa kulalia. Wiki hiyohiyo jeki nayo ilianza kuvuja mafuta, kwa kuwa mtu aliilaza ubavu wakati wa kuihifadhi. Jeki ya aina ya chupa husimama wima, kazini na ghalani. Chini yake sasa kuna sahani ya bati ya kukinga tone lolote.

Dalili ya kutosha: ukilivunja donge kwa vidole linamomonyoka kama udongo wenye unyevu, wala kiganja hakilowi. Vipimo vya mkupuo wa nne: muhogo wa shambani kilo 100, baada ya kumenya na kuosha 76, baada ya kukamua 47, baada ya kukauka 24. Kwa maneno mengine, kilo 4 na ushei za muhogo kwa kilo 1 ya unga. Anayekuahidi kilo 40 za unga kwa gunia la kilo 100 anakuuzia maji.

Maji ya kukamulia yasimwagwe hovyo. Yamebeba sumu ya muhogo, na kuku na mbuzi huyafuata kwa sababu ya utamu wake. Tunayakinga kwenye beseni, tunayaacha yatulie saa mbili, tunamwaga ya juu kwenye shimo lililo mbali na kisima na mbali na zizi. Chini ya beseni kunabaki wanga mweupe unaoteleza kama chaki mbichi. Ukioshwa mara mbili na kukaushwa unafaa kwa uji, na wenye kanzu wanauchukua kwa ajili ya pasi. Maganda nayo yaanikwe siku 2 au 3 kabla ya kupewa mbuzi. Mbuzi aliyekula maganda mabichi ya muhogo mchungu huweza kulala jioni asiamke.

Julai, katikati: vichanja

Vichanja viwili, kila kimoja mita 4 kwa mita 1.2, kimo cha kiuno, vimeinamishwa kidogo kuelekea upepo wa bahari. Juu yake fito za mianzi, kisha nailoni nyeusi. Unga mbichi unapitishwa kwenye chekeche la kahawa lenye matundu makubwa ili madonge yavunjike, halafu unanyunyizwa, haumwagwi. Kipimo chetu: weusi wa nailoni uonekane kidogo katikati ya unga. Hiyo ni kilo 2 hivi za unga mbichi kwa mita moja ya mraba. Vichanja vyote viwili havifiki hata kilo 20 kwa mara moja. Kwa hiyo mkupuo wa kilo 100 unahitaji vichanja vitano, na mpaka tulipovitimiza tulikuwa tunakwaruza kilo 40 tu kwa siku. Hesabu hii ingefanywa kabla ya kununua jeki. Uwezo wa kukausha ndio unaoamua ukubwa wa kazi; mashine ya kukwaruza siku zote itakuwa na nafasi.

Unageuzwa kila baada ya saa moja kwa mkono uliooshwa. Jua likiwa kali na upepo upo, saa 9 alasiri umekauka: ukiufinya haushikani, ukiusugua kwa vidole unatoa mlio mkavu. Manyunyu ya ghafla ya asubuhi hayazuiliki. Turubai liwe limekunjwa chini ya kichanja chenyewe, lisiwe nyumbani kwa mwenyekiti. Kuku ni adui wa kudumu. Vumbi la pikipiki linazuiliwa kwa kuweka vichanja nyuma ya nyumba, si kando ya barabara, hata kama barabarani ndiko wateja wanapopita.

Julai, mwisho: muhogo mchungu

Wengi bado wanalima mchungu, na wana sababu. Nguruwe pori na nyani hawaugusi sana, na mwizi akiuchimba hawezi kuukaanga njiani. Kwa hiyo mradi usiojibu suala la mchungu haujajibu kitu.

Sumu yenyewe inafanya kazi hivi. Ndani ya chembe hai za muhogo kuna kemikali iitwayo linamarini, na kwenye kuta za chembe hizo kuna kimeng'enya, yaani kichocheo kinachoivunja. Muhogo ukiwa mzima hivi viwili havikutani. Ukiupondaponda vinakutana, sianidi inatoka, na kwa vile huanza kuchemka kwenye joto la nyuzi 26 hivi, inapotea hewani kwenye jua la kawaida. Ndiyo maana kukausha peke yake hakutoshi. Kipande cha makopa hukauka kabla chembe zake hazijavunjika, na kati ya robo na theluthi ya sumu hubaki humo. Ukivundikwa kwanza chini ya majani mpaka uote ukungu, kama wanavyofanya udaga kule kanda ya Ziwa, hubaki kama sehemu 12 hadi 17 katika 100. Muhogo mbichi uliopondwa kisha ukaanikwa hubakisha sehemu 3 au pungufu. Kuchemsha nako si dawa ya mchungu, kwa sababu moto unakiua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi.

Kwa mchungu tumeongeza hatua moja: baada ya kukwaruza, unakaa usiku mzima kwenye ndoo zilizofunikwa kitambaa cha kupitisha hewa, asubuhi ndipo unakamuliwa. Unachachuka kidogo. Unga huo ni wa ugali tu, haufai maandazi, na mifuko yake imetiwa alama ya mkaa ili isichanganywe na ya Kiroba. Kiwango kinachokubalika kimataifa ni miligramu 10 za sianidi kwa kilo ya unga. Sisi hapa hatuna cha kupimia, kwa hiyo unga wa mchungu hauuzwi nje ya kijiji.

Mwenye unga wa makopa ndani, hasa wa mwaka wa ukame, anaweza kuupunguzia sumu hata leo jioni. Tia unga kwenye bakuli, weka alama ulipoishia. Ongeza maji kidogo kidogo huku ukichanganya: unga utashuka, kisha utapanda tena. Ukirudi kwenye alama, acha maji. Tandaza kwenye mkeka au ungo, unene usizidi sentimita 1, saa 2 juani au saa 5 kivulini. Usonge ugali siku hiyohiyo, maana unga uliolowa hauwekeki.

Hatusemi haya kwa kutishana. Ng'ambo ya Ruvuma, Nampula, Msumbiji, mwaka 1981 watu zaidi ya 1,000 walipooza miguu kwa konzo, ugonjwa ambao wenyewe waliuita mantakassa. Ulikuwa mwaka wa ukame. Ukame huzidisha sumu kwenye mzizi, na njaa huwafanya watu wafupishe maandalizi. Tarime nako yalitokea mwaka 1985, hali ikiwa ileile. Kinachoongeza hatari ni kula ugali huo bila samaki wala kunde, kwa kuwa mwili huitoa sianidi kwa kutumia salfa, na salfa hiyo hutoka kwenye protini. Dagaa wachache kwenye sahani wana kazi kubwa kuliko ladha.

Agosti: mashineni na jikoni

Mashine ya kijiji inasaga mahindi, na mwenye mashine hapendi kuisafisha. Tumekubaliana naye: muhogo unasagwa siku moja kwa wiki, asubuhi, na kilo 3 za kwanza zinazosafisha mashine zinabaki kwake. Unga unatoka wa moto. Ukifungwa hivyohivyo unatoa jasho ndani ya mfuko na kugandamana, kwa hiyo unatandazwa chini ya paa mpaka upoe, ndipo ufungwe. Mifuko inakaa juu ya chaga, mbali kidogo na ukuta.

Jikoni hukumu ilikuwa kali. Ugali wa unga huu ni mweupe mno, unavutika, na hauna ile harufu ya makopa ambayo wazee wanaitafuta. Bibi mmoja aliuliza kama ni gundi. Kosa lilikuwa la usongaji: waliusonga kama wa mahindi, wakianza na uji. Unga huu haupendi hivyo. Maji lita 1 yachemke kabisa, sufuria itolewe kwenye mafiga, nusu kilo ya unga imiminwe yote kwa mkupuo mmoja, isongwe kwa nguvu bila kupumzika, kisha irudi motoni dakika 2 au 3. Ukitia unga kidogo kidogo kila chembe inajifunga utando na unapata mabuje. Wengi wameishia kuchanganya nusu kwa nusu na mahindi, na mchanganyiko huo ndio unaotoka haraka zaidi dukani.

Maandazi: robo ya ngano ikibadilishwa na unga wa Kiroba, hakuna aliyegundua. Ikifika nusu yanakuwa mazito na yanapasuka kwenye mafuta, kwa kuwa muhogo hauna ule mnato wa ngano unaoshika hewa. Chapati hazikubali hata robo, zinakatika zikikunjwa.

Kisamvu hakimo kwenye mradi, lakini kiliingia kwenye maswali. Kanuni ni ileile: majani yatwangwe kinuni mpaka yalainike kabisa, yachemshwe sufuria ikiwa wazi, ndipo tui au karanga zifuate. Anayekatakata kwa kisu na kufunika sufuria ili kuokoa kuni anakifungia kile alichotaka kitoke.

Septemba: makopa ya akiba

Si kila nyumba itaacha makopa, na hatukutegemea hivyo. Adui wake ghalani ni dumuzi, mdudu aliyeonekana nchini kwa mara ya kwanza Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambaye wengine humwita Scania. Hashambulii mahindi peke yake. Kipande cha makopa anakigeuza vumbi ndani ya miezi michache, ukikishika kinapasuka kama ganda la yai.

Mfuko wa kinga njaa, yaani salfeti yenye nailoni mbili ndani, unamkosesha hewa, ila makopa yana ncha. Mifuko miwili kati ya sita ilitobolewa na ncha hizo kwenye nailoni ya ndani, na tundu moja linatosha kuharibu kazi yote. Sasa makopa yanavunjwavunjwa kwanza yawe madogo kama kidole gumba, yanapepetwa kuondoa vumbi, na kujazwa polepole bila kutwangwa chini. Kila nailoni inafungwa peke yake, hewa ikiwa imekamuliwa, ndipo salfeti ya nje. Yawe makavu kiasi cha kulia yakivunjwa.

Septemba, mwisho: yaliyobaki

Kichanja cha tano kimekamilika. Bado paa la bati la kufunika vichanja vyote. Kukwaruza kutasimama mvua zikianza, na si kwa sababu ya jua peke yake. Mvua ya kwanza ikinyesha, mti unachukua wanga wa mzizini kuotesha majani mapya, na kilo 100 zilezile hutoa unga pungufu. Anayetaka kuuza avune kabla ya Desemba.

Mashina ya Kiroba yasiyo na dalili ya michirizi yamechaguliwa shambani kabla ya kuchimba, si baada, maana mashina yakishalala chini huwezi kujua lipi limetoka kwenye mzizi upi. Mafungu 14 yamesimamishwa chini ya mkorosho, ncha ya chini imefukiwa, yanamwagiwa maji mara moja kwa wiki. Yatakatwa pingili za sentimita 25, zenye macho 5 hadi 7, siku ya kupanda.